Aliyezaliwa Usiku

Masomo: Luka 2:1–11, Waebrania 2:14–18

 Tunawakaribisha mketi pamoja nasi kwa kitambo kidogo, ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio vitandani hospitalini, na ninyi mnaojiandaa kwenda kazini usiku huu. Maneno yetu leo ni juu ya jambo lililo moyo wa imani yetu, yaani kwamba Mungu alifanyika mtu. Lakini hatutaanzia mbali. Tutaanzia Luanda Kotieno.

Mahali hapo ni katika rasi ya Uyoma, si mbali na mlango wa Ghuba ya Winam. Ukisimama ufuoni na kutazama kusini, waona vilima vya Gembe, na Mbita, na kisiwa cha Rusinga. Kwa miaka mingi kivuko kimekuwa kikivusha watu na magari na mizigo kati ya Luanda Kotieno na Mbita. Mchana mahali hapo ni pa kelele na haraka. Lakini mtu atakaye kuujua ufuo ule sawasawa, na aende usiku wa giza, wakati mwezi haupo. Ndipo wavuvi wa omena, samaki wale wadogo ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa, hutoka kwenda kazini. Mashua hutawanyika ziwani, kila moja na taa zake. Samaki hufuata nuru, na wavu huwazunguka. Zamani taa zile zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingine hutumia betri au nguvu za jua. Ukiwa nchi kavu utadhani mji umejengwa juu ya maji. Kukipambazuka, akina mama hupokea omena na kuwaanika juani.

Hata jina la mahali lenyewe lina usiku ndani yake. Katika Dholuo, neno lwanda maana yake ni mwamba. Na Kotieno maana yake ni kwa Otieno. Otieno ni nani? Kila mtoto wa Kijaluo ajua. Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku, kama vile Atieno ni msichana aliyezaliwa usiku. Basi jina hilo lasema: mwamba ulio kwa yule aliyezaliwa usiku.

Tulipolifikiri jina hilo, tuliwakumbuka wachungaji wa Bethlehemu. Luka hakuandika saa aliyojifungua Mariamu. Lakini aliandika kwamba habari ilitangazwa usiku, kwa watu waliokuwa kazini usiku, wakilinda mali ya kuwalisha watoto wao. Kama Mariamu angalijifungua usiku ule katika boma moja la Uyoma, wakunga wasingalihangaika kutafuta jina la utoto. Hatusemi hivyo kwa mzaha. Twasema hivyo kwa sababu upo usiku tunaotaka kuuleta mbele ya Mwana huyo.

Mama mmoja wa ufuo huo alitupa swali ambalo hatujalisahau. Mwanawe alitoka kuvua omena, upepo ukaja ghafula, mashua ikapinduka. Wenzake walipatikana, wengine hai na wengine maiti. Yeye hakupatikana. Ndugu zake walitembea ufuo kwa ufuo siku nyingi, wakiuliza. Ninyi mnaojua desturi za Wajaluo mwaelewa uzito wa jambo hilo, kwa maana mtu hupaswa kuzikwa nyumbani kwao. Kenya nzima iliona jambo hilo mwaka 1987, wakati mwili wa wakili S. M. Otieno uliposubiri miezi mitano hata mahakama ilipoamua mahali pa kuuzika, nao ukapelekwa Nyalgunga katika Siaya. Lakini mama huyu hakuwa na mwili wa kusubiri. Alikuwa na boma lisilo na kaburi.

Tukamwambia yale ambayo watumishi husema. Tukamwambia kwamba Mungu aona yote. Akatutazama, akasema, "Mchungaji, mimi sikuuliza kama anaona. Hata mimi niliona. Nilisimama ufuoni nikaliona ziwa lote. Nauliza hivi: je, Mungu anajua kuzama?"

Tulinyamaza. Maneno ya leo ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Ndugu msikilizaji, swali la mama yule si geni. Kanisa limeishi nalo tangu mwanzo, na watu wa Mungu wameteswa kwa ajili ya jibu lake. Hata siku za mitume walitokea watu waliosema kwamba haifai Mungu kuugusa mwili. Walisema Kristo alionekana tu kama mtu, mfano wa kivuli ukutani. Hakuona njaa kweli, wala hakuumia kweli. Yohana aliwapinga katika waraka wake wa kwanza, sura ya nne. Baada ya siku zake, mwanzoni mwa karne ya pili, Ignatius, askofu wa Antiokia, alifungwa minyororo na kupelekwa Rumi na askari ili auawe. Njiani aliyaandikia makanisa barua. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyefungwa: kama Kristo aliteswa kwa mfano tu, basi minyororo hii niliyo nayo ni ya nini? Mtu aendaye kufa hafarijiwi na Bwana aliyefanana tu na mtu wa kufa.

Katika karne ya nne hatari ilitokea upande wa pili, na ilitokea katika bara letu la Afrika. Katika Aleksandria, mji wa bandari wa Misri, kasisi mmoja jina lake Arius alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini naye ni kiumbe, si Mungu hasa. Waandishi wa kale wasimulia kwamba alitunga nyimbo za kuimbwa na mabaharia na wasaga nafaka, hata mafundisho yake yakasafiri pamoja na vyombo.

Angalieni tofauti ya makosa hayo mawili. Wale wa kwanza walisema Mungu alikuja, lakini hakufika. Arius alisema mmoja alifika, lakini si Mungu mwenyewe. Ni mjumbe aliyeumbwa. Katika mafundisho yote mawili, Mungu mwenyewe amebaki ufuoni. Anatazama. Anaona yote. Lakini miguu yake haijalowa.

Mwaka 325 maaskofu walikusanyika Nikea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mji huo nao uko kando ya ziwa. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu Kanisa liliposhika amani baada ya mateso makali, na wengine walifika wakiwa na alama za mateso miilini mwao. Inasimuliwa kwamba Paphnutius, askofu kutoka Misri, alikuja akiwa na jicho moja, kwa maana lile la pili watesi walikuwa wamelitoa. Watu wa namna hiyo hawakukaa Nikea kucheza na maneno. Walikiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, Mungu kweli, naye ndiye aliyeshuka akafanyika mtu kwa ajili ya wokovu wetu.

Pamoja na askofu wa Aleksandria alikuwako shemasi kijana, Athanasius. Mwaka 328 yeye mwenyewe akawa askofu wa mji huo. Kwa ajili ya ukiri ule alifukuzwa mara tano kutoka katika kanisa lake, na kwa jumla alikaa uhamishoni kama miaka 17. Mara nyingine alifichwa na watawa katika jangwa la Misri. Alifariki mwaka 373. Kabla ya kufa alikuwa amemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksum katika Ethiopia. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mafundisho haya yaliletwa Afrika juzi na meli ya wazungu. Waafrika waliyatetea, wakafukuzwa makwao kwa ajili yake, zamani sana.

Athanasius aliandika kitabu juu ya jambo hili la Neno kufanyika mwili. Hoja yake moja twaweza kuieleza kwa urahisi. Mauti haikusimama nje ya mwili wa mwanadamu kama mwizi mlangoni. Ilikuwa imekwisha kuingia ndani na kushikamana nao. Amri peke yake, itolewayo kutoka mbali, isingetosha kuiondoa. Ilipasa Uzima wenyewe uingie mahali mauti ilipokuwa. Tena alitoa mfano wa mfalme anayeingia katika mji mkubwa na kukaa katika nyumba moja. Kwa ajili ya nyumba ile moja mji wote hupata heshima, na adui hathubutu tena kuuteka. Ndivyo ilivyo, alisema, kwa kuwa Neno amekaa katika mwili mmoja miongoni mwa miili yetu.

Tena mwaka 451, katika mkutano wa Kalkedoni, Kanisa lilikiri kwamba Yesu Kristo ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli. Uungu wake haukumeza utu wake, wala utu wake haukupunguza Uungu wake. Hilo ndilo Kanisa lililokiri wakati ule, nalo ndilo tunaloshika sisi hadi leo.

Sasa turudi ziwani, tuone jinsi habari hiyo ilivyofika katika fuo zetu. Ilifika wakati wa usiku mzito. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu. Wakati ule nchi hizi zilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ziliunganishwa na nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1902. Na katika miaka ile ile ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwaua watu kandokando ya ziwa. Mwaka 1903 waganga walihakikisha kwamba mbung'o ndiye aliyeueneza. Kwa hesabu za wakati ule, upande wa Uganda na visiwa vyake peke yake walikufa zaidi ya watu 200,000. Katika fuo za Nyanza nako vijiji vilibaki mahame.

Mwaka 1906 wajumbe wa Injili walifika kukaa. J. J. Willis wa shirika la CMS alianza kazi ya Maseno, akitoka upande wa Uganda, kwa maana Kanisa la Kianglikana la sehemu hizi lilikuwa chini ya dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1906, Waadventista walivuka ghuba kutoka Kisumu wakafika Gendia, karibu na Kendu. Walikuwako Arthur Carscallen, na pamoja naye Mwafrika mwenzetu kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, jina lake Peter Nyambo. Twapenda kumtaja Nyambo, kwa sababu mara nyingi picha huonyesha mzungu peke yake.

Kazi ya kwanza ya wajumbe hao ilikuwa kunyamaza na kusikiliza. Hawakuweza kuhubiri kwa kupaza sauti kutoka ng'ambo. Ilibidi wavuke, wakae, waumwe na mbu, wale chakula cha wenyeji, na kuwauliza watoto jina la kila kitu. Mwaka 1910 Carscallen alitoa kitabu cha sarufi ya Dholuo. Agano Jipya lote kwa Dholuo lilichapishwa mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Neno wa Mungu alifanyika mwili mara moja tu, katika Bethlehemu ya Yudea. Lakini habari zake hutafuta ulimi wa mama wa kila mtu, kwa maana hutoka kwa Mungu asiyependa kusema nasi kutoka mbali.

Hapa yatupasa tuseme kweli. Waliovuka hawakuwa malaika. Walikuja kwa reli ile ile iliyoleta utawala wa wageni. Pamoja na Injili ilikuja kodi ya nyumba, na kazi za kulazimishwa, na kipande. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, kazi ile iliyoitwa Kariokoo. Katika vita hivyo wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa magonjwa na uchovu kuliko kwa risasi, na wengi wao makaburi yao hayajulikani. Akina mama wa ufuo huu walikuwa na maboma yasiyo na kaburi kabla ya mama yule aliyetuuliza swali.

Lakini soma tena Luka sura ya pili, uone inavyoanza. Inaanza na serikali ya mbali inayowaandika watu. Yusufu hakusafiri kwa kupenda. Aliitwa akaandikwe, na mke wake mja mzito akasafiri pamoja naye. Mwana wa Mungu hakuzaliwa kati ya wanaoandika majina. Alizaliwa kati ya wanaoandikwa. Wazee ambao askari walizihesabu nyumba zao kwa ajili ya kodi wangeweza kuielewa sura ile bila mwalimu.

Na wako walioielewa. Desemba 1921, vijana waliosoma Maseno, pamoja na wazee, walikutana Lundha katika Gem, wakasema wazi juu ya kodi na kipande na kazi ya kulazimishwa. Walio­longoza jambo lile, akina Jonathan Okwiri, walikuwa watu wa kanisa na walimu. Archdeacon wa maeneo yale, W. E. Owen, aliyefika Nyanza mwaka 1918, alisaidia kuligeuza jambo lile kuwa chama cha walipa kodi mwaka 1923. Wengine walimlaumu kwamba alilipunguza makali. Lakini kwa miaka mingi aliandika magazetini kupinga wanawake na watoto kufanyizwa kazi kwa nguvu, hata walowezi wakamchukia. Sisi twajifunza hivi: kanisa linalokiri kwamba Mungu alitwaa mwili haliwezi kunyamaza wakati mwili wa mtu unapoonewa. Likinyamaza, limerudi kwa wale waliosema Kristo alikuwa kivuli.

Sasa tuwasimulieni jambo la karibu zaidi, la ziwa letu hili hili. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ukerewe, upande wa Tanzania. Kilikuwa kimejengwa kuchukua watu 101, nacho kilichukua wengi kupita kiasi. Waliokufa walihesabiwa 228. Kilikuwa karibu kabisa na gati, hata watu wa nchi kavu walikiona. Usiku ulipoingia, kazi ya kuokoa ilisimamishwa. Siku ya Jumamosi, wazamiaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kile kilichopinduka. Alikuwa amekaa ndani mle siku mbili, mahali palipobaki hewa kidogo.

Fikirini giza lile. Juu yake kulikuwa na watu wengi waliokuwa wakiona. Waliliona ziwa, waliuona upande wa chini wa chombo. Kuona kwao hakukumfikia. Aliyemfikia ni yule aliyevaa mavazi ya kuzamia, akaingia katika maji yale yale yaliyokuwa yameua, akapapasa hata akamgusa. Wapendwa, hatusemi kwamba wale wengine 228 Mungu hakuwapenda. Hatujui kwa nini mmoja alifikiwa na wengine hawakufikiwa, wala hatutaki kujifanya wenye kujua. Twasema tu kwamba siku ile ziwa lilitufundisha tofauti kati ya kuona na kuingia. Na Injili yasema kwamba Mungu aliingia.

Aliingia kweli kweli. Marko, katika sura ya nne, asimulia kwamba wakati wa dhoruba Yesu alikuwa amelala katika shetri. Wavuvi wa Luanda Kotieno wanaujua usingizi wa namna hiyo. Ni usingizi wa mwili uliochoka, usioamshwa hata na mawimbi. Yeye aliyeziumba bahari alilala ndani ya mashua kwa sababu alichoka. Hakuwaambia wanafunzi wake kwamba wakiwa na imani upepo hautakuja. Wako wahubiri wasemao hivyo, na maneno yao huwaongezea wafiwa mzigo, kana kwamba waliozama walipungukiwa na imani. Upepo ulikuja, na Bwana mwenyewe alikuwa chomboni.

Tena ufuo huu umejua usiku wa ukimwi. Tangu miaka ya 1980 uliingia katika maboma, ukawaacha bibi wakiwalea wajukuu. Kwa muda mrefu watu waliogopa hata kumshika mgonjwa mkono, na aibu twaikiri, hata sisi wa kanisa tuliogopa. Lakini Marko sura ya kwanza yasema kwamba mwenye ukoma alipomjia Yesu, Yesu aliunyosha mkono wake akamgusa kabla ya kumtakasa. Angeweza kumponya kwa neno. Alitaka mtu yule aguswe.

Basi, Mama, ukiwa unatusikiliza usiku huu, hili ndilo jibu letu.

Uliuliza kama Mungu anajua kuzama. Bwana wetu aliizungumza mauti yake kabla haijaja, na katika Luka sura ya 12 aliiita ubatizo, yaani kuzamishwa, akasema jinsi alivyosongwa hata utimizwe. Tena aliifananisha na Yona aliyekaa siku tatu katika vilindi. Msalabani aliishiwa pumzi kama mwanao alivyoishiwa pumzi. Alilia kwa sauti kuu, na mbingu zilikuwa giza. Mama yake alisimama karibu, akaona, asiweze kumfikia, kama wewe ulivyosimama ufuoni. Na alipokufa hakuzikwa Nazareti kwao. Alizikwa ugenini, katika kaburi la mtu mwingine. Ndiyo, Mama. Mungu anajua kuzama. Hajui kwa kusikia, wala kwa kutazama kutoka mbali. Anajua kwa mwili wake.

Na liko jambo lingine. Alipofufuka hakuuvua mwili ule kama mtu avuavyo nguo za kazi jioni. Aliwaonyesha wanafunzi mikono yake, akala samaki mbele yao. Akapaa nao mbinguni. Leo hii mwili wa mwanadamu, wenye makovu, uko katika utukufu wa Baba. Yeye aliyeutunza mwili wake mwenyewe hautaudharau mwili wa mwanao. Wanadamu tumeutafuta ufuo kwa ufuo, tukachoka. Yeye hakuupoteza. Ufunuo, sura ya 20, watuambia kwamba siku itafika ambapo bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Nalo ziwa letu halitasazwa. Boma lako halina kaburi, lakini mwanao anajulikana alipo.

Wapendwa wasikilizaji, faraja hii haikupewa tuifungie moyoni. Kama Mungu hakubaki ufuoni, nasi tusibaki ufuoni. Iko nyumba jirani nawe ambayo usiku haujaisha. Usiipelekee maneno kutoka njiani. Ingia. Keti kwenye kigoda. Kama huna la kusema, nyamaza pamoja nao; Bwana wetu alikaa miaka thelathini kati yetu kabla hajaanza kuhubiri. Wavuvi wakitoka usiku huu, waombee kwa majina yao. Na mtoto akizaliwa usiku huu katika fuo zetu, akaitwa Otieno au Atieno, mkumbukeni yule ambaye habari za kuzaliwa kwake zilitangazwa usiku, kwa watu wa kazi, kwamba yeye ni Mwokozi.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, Mungu kweli na mtu kweli, wewe hukukaa mbali na giza letu. Uwalinde walio ziwani usiku huu. Uwashike mkono walio wagonjwa. Uwakumbuke wafiwa wanaongoja mwili ambao haujaja. Utufundishe kuingia mahali ulipoingia wewe, hata siku ile maji yatakapowarudisha watu wako wote, na usiku hautakuwako tena. Amina.